Hundi ya Kwanza: Fedha za Umma na Asbesto Inayofumuka Barabarani



Januari 2024, jijini Sydney, bustani ya umma iliyokuwa na wiki chache tu tangu ifunguliwe ilizungushiwa uzio na kufungwa. Bustani hiyo, Rozelle Parklands, imejengwa juu ya makutano ya barabara za chini ya ardhi, sehemu ya mradi mkubwa wa WestConnex. Mtoto alikuwa ameokota kipande kigumu kwenye matandazo yaliyomwagwa kuzunguka miti, akaenda nacho nyumbani. Kilipopimwa kikakutwa na asbesto. Ndani ya wiki chache Mamlaka ya Mazingira ya New South Wales ikaanza kuyafuata matandazo ya namna hiyo kila yalikopelekwa: bustani nyingine, hospitali, shule. Maeneo yaliyothibitika yalizidi 70. Shule moja ya msingi ilifungwa, na wanafunzi wake wakahamishiwa kwingine.

Msambazaji alishikilia kwamba mzigo ulikuwa safi ulipotoka kwake.  Mabishano ya nani mwenye kosa yana mahali pake, mahakamani, nayo huchukua miaka. Lakini maabara haziwezi kungoja miaka, na wazazi wa shule ile wasingengoja hata juma. Serikali ya jimbo ikaunda kikosi kazi, vipimo vikafanywa, kisha ndipo likafuata suala la nani ashtakiwe. Hoja yangu ya leo ni kwamba mpangilio huo ndio sahihi: umma ulipe kwanza, tena kutoka mfuko uliotengwa kabla ya ajali, halafu umdai mkosaji mpaka senti ya mwisho.

Najua pingamizi linalokuja. Kwa miaka mingi tumewafundisha wanafunzi kwamba anayechafua ndiye alipe. Ni kanuni ya haki, na siipingi. Ila haisemi chochote kuhusu usiku wa kwanza, wakati mchafuzi hajulikani, au anajulikana lakini amekwishafilisika.

Nyuzinyuzi za asbesto hazina harufu, na huwezi kuziona zinapoelea hewani. Saratani ya utando wa mapafu inayoletwa nazo hujitokeza mara nyingi baada ya miaka 20 hadi 50. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asbesto huua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka kutokana na kazi walizofanya. Kinachopunguza hatari ni mambo ya haraka na ya kawaida kabisa: kulowesha maji ili vumbi lisiruke, kufunika, kuwaondoa watu, kupima hewa, kufungasha taka kwenye plastiki za tabaka mbili na kuzipeleka kwenye dampo lililoidhinishwa. Kila kimoja kinahitaji mtu wa kusema, “Fanyeni, tutalipa.”

Mji ulionifundisha zaidi kuhusu jambo hili ni Libby, katika jimbo la Montana, Marekani. Kampuni ya W. R. Grace ilichimba vemikulaiti huko kuanzia 1963 hadi 1990, na madini hayo yalikuwa yamechanganyika na asbesto. Mabaki yalitumika mjini kote, bustanini na hata kwenye njia za kukimbilia za shule. Novemba 1999 gazeti la Seattle Post-Intelligencer lilipoandika habari za vifo, wataalamu wa Wakala wa Mazingira wa serikali kuu walifika ndani ya siku chache. Mwaka 2001 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mwaka 2008 ilikubali kulipa dola milioni 250 za usafishaji. Mwaka 2009 kampuni na viongozi wake walioshtakiwa kwa jinai wakaachiwa huru. Gharama yote ilifika takriban dola milioni 600, na nyumba na viwanja zaidi ya 2,600 vilisafishwa.

Hebu tuyaweke matukio hayo kwa mfuatano. Kama serikali ingesubiri hatia ithibitishwe ndipo ilete maji na plastiki, ingesubiri miaka kumi, na mwisho wake mahakama ya jinai isingeipa kitu. Kwa kuwa ilianza kulipa, ilikuwa na stakabadhi za kudai nazo, na ilirudishiwa takriban asilimia 40. Wapo watakaoita hilo hasara. Mimi naliita deni lililolipwa vizuri kuliko madeni mengi ya mazingira ninayoyafahamu.

Fedha hizo nazo zilikuwa na chanzo chake. Sheria ya Marekani ya 1980 ilianzisha mfuko uliojazwa kwa kodi ya mafuta ghafi na kemikali. Kodi hiyo ilikoma mwishoni mwa 1995, na mzigo ukazidi kumwangukia mlipakodi wa kawaida, hadi iliporejeshwa kwa awamu mwaka 2022 na 2023. Wanasiasa waliiacha ife.

Uholanzi ilikuwa na tatizo la kimyakimya zaidi. Katika mji wa Goor, kiwanda cha saruji ya asbesto kiligawa taka zake bure kwa miongo kadhaa, na wakulima wakazitandika kwenye njia na nyua zao. Baadaye serikali ilipiga marufuku kumiliki njia za namna hiyo, na kwa kuwa si haki kumwadhibu mkulima kwa zawadi aliyopewa, ikaweka mpango wa kuzisafisha kwa fedha za umma.

Nisiwafiche upande wa pili. Mwaka 2014, jimbo la Free State nchini Afrika Kusini lilitoa zabuni ya randi milioni 255 ya kukagua paa za asbesto kwenye nyumba za watu maskini. Tangu 2020 zabuni hiyo iko mahakamani kama kesi ya rushwa. Aliyekuwa kiongozi wa jimbo, Ace Magashule, ni miongoni mwa washtakiwa, na amekana mashtaka. Mahakama itaamua kilicho chake. Mimi najifunza kitu kimoja tu: neno “dharura” na neno “asbesto” yakikaa kwenye barua moja, maofisa huogopa kuuliza maswali. Kwa hiyo bei za kulowesha, kupima na kusafirisha zijulikane na kuchapishwa mapema, kabla hofu haijaingia.

Kwetu Afrika Mashariki barabara zinapanuliwa kupita katikati ya miji ya zamani. Kandokando yake zimo shule, zahanati na nyumba za watumishi zenye paa za asbesto, na chini yake kuna mabomba ya maji ya saruji ya asbesto. Katapila likivunja paa, au fundi akikata bomba kwa msumeno wa umeme, ajali imekwishatokea, hata kama hakuna aliyepiga kelele.

Mikataba mingi ya barabara zetu, hasa ile ya mikopo ya kimataifa, hufuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Toleo la 1999, kifungu cha 4.12, humpa mkandarasi haki ya kudai muda na fedha akikutana ardhini na kizuizi au uchafu ambao mkandarasi mzoefu asingeweza kuutarajia. Kwa maneno mengine, umma tayari hulipa, ila hulipa kwa kuchelewa, baada ya barua nyingi, na kipaumbele kinakuwa ratiba ya ujenzi, si mapafu ya jirani. Isitoshe, paa linaloonekana kutoka barabarani haliwezi kuitwa jambo lisilotarajiwa. Hapo ndipo mkandarasi na mwajiri wake huanza kurushiana mpira.

Tunazo tayari taasisi za kukusanya fedha. Tanzania ina Mfuko wa Barabara, Kenya ina Mfuko wa Tozo ya Matengenezo ya Barabara, na yote miwili hutegemea tozo ya mafuta. Napendekeza sehemu ndogo ya gharama ya kila mradi mkubwa itengwe kwenye akaunti ya pamoja ya uchafu wa hatari, itakayosimamiwa na mamlaka ya mazingira na si wakala wa ujenzi, kwa sababu wakala ana haraka ya kukata utepe. Ukaguzi wa paa na mabomba ufanywe kabla ya bomoabomoa. Kwa kitakachojitokeza bila kutarajiwa, akaunti ilipe ndani ya saa 24, kisha mwanasheria wa serikali aanze kudai.

Kiwango cha makato nawaachia wachumi, nao watabishana kama kawaida yao. Ila ofisi itakayotia saini hundi ya kwanza itajwe kwenye mkataba kabla katapila halijashushwa kutoka kwenye lori, pamoja na namba ya simu inayopokelewa usiku.