Mshindi Aliyetangazwa Kushindwa

Wiki hii tumeletewa swali: Rais Lyndon Johnson wa Marekani alishindwaje katika jimbo la New Hampshire mwaka 1968? Hakushindwa. Tarehe 12 Machi mwaka huo, katika kura za mchujo za chama cha Democratic, alipata takriban asilimia 49. Seneta Eugene McCarthy, mpinzani wa vita vya Vietnam, akapata 42. Tena jina la Johnson halikuwamo kabisa kwenye karatasi ya kura! Aliyemtaka ilimbidi ashike kalamu aliandike mwenyewe. Narudia, maana hili ndilo linalosahaulika: aliyeandikwa kwa mkono alimshinda aliyechapishwa. Lakini habari iliyosambaa Marekani nzima ilikuwa ya McCarthy kumwangusha Rais.

Wengi huwatupia lawama waandishi. Mimi nasema habari hiyo ilipikwa ndani ya chama, waandishi wakaipakua tu. Vigogo wa Democratic jimboni walijigamba kwamba McCarthy ataambulia kura kiduchu. Wakagawa hata kadi za ahadi ya kumpigia Johnson, zenye vipande vitatu: kimoja abaki nacho mpiga kura, kimoja kiende chamani, cha tatu kitumwe Ikulu, Washington. Kambi ya McCarthy ikaishikia bango kadi hiyo, ikiuliza kura ya siri imekwenda wapi. Huku vijana wa vyuo waliomuunga mkono wakinyoa ndevu na kukata nywele ili wabishe hodi nyumba kwa nyumba bila kuwashtua wazee. Baada ya majigambo yale, asilimia 42 ilionekana mlima. Na kwa kuwa watu wa Johnson walisimamisha wagombea ujumbe wa mkutano mkuu wa chama wengi mno wakagawana kura, McCarthy alizoa wajumbe 20 kati ya 24.

Kuna msikilizaji anayesema waandishi hawakukosea, kwani wananchi walipigia kura amani. Hapo nampinga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliowahoji wapiga kura walikuta kwamba, miongoni mwa waliomchagua McCarthy, walioona Johnson analegea vitani waliwazidi waliotaka vita vikome, karibu watatu kwa wawili. Hasira ilikuwepo, tena kubwa; maana yake ndiyo iliyobandikwa na wengine.

Sasa, kama Johnson alishinda, mbona tarehe 31 Machi alitangaza kwamba hagombei tena? Hoja hii ni nzito. Mashambulizi ya Tet ya wakomunisti huko Vietnam, mwishoni mwa Januari, yalikuwa yamemvunjia imani ya umma, na kura za Wisconsin, tarehe 2 Aprili, zilikuwa zinamwendea vibaya. Lakini tazameni pia tarehe 16 Machi: siku nne tu baada ya New Hampshire, Seneta Robert Kennedy, naye wa Democratic, aliyekuwa akisitasita kwa miezi, akajitosa ulingoni. Habari ya kushindwa iliwaonyesha mahasimu wa Johnson kwamba anagusika, na walipomvamia, udhaifu ukawa wa kweli.

Mwaka 1972 mambo yakawa yale yale, jimbo lile lile. Edmund Muskie, seneta wa jimbo jirani la Maine, alimshinda Seneta George McGovern kwa asilimia 46 dhidi ya 37, akahesabiwa ameanguka kwa kuwa alitarajiwa kuvuka nusu. Kabla Aprili haijaisha alikuwa ameacha kampeni. McGovern akachukua uteuzi wa Democratic, na Novemba Rais Richard Nixon wa Republican akambwaga katika majimbo 49 kati ya 50.