Jina la Tovuti Liwe Lako
Ewe msikilizaji mwenye nyumba ya wageni Watamu, au duka la halua mjini Malindi, uliyeazimia kumwajiri fundi wa tovuti ilhali kazi hiyo huijui, tafadhali shika neno hili moja: jina la tovuti liandikishwe kwa jina lako, si kwa jina la fundi.

Majina yanayoishia na nukta ke husimamiwa na shirika la KeNIC, na huandikishwa kupitia mawakala. Na aliyemo katika daftari la usajili ndiye mwenye jina, mithili ya hati ya kiwanja, hata ikiwa fedha zimetoka mfukoni mwako.

Basi kabla ya kutoa arbuni, andikianeni mkataba. Mwambie kwa adabu: “Bwana fundi, naomba jina liandikishwe kwa barua pepe yangu, na nywila nizihifadhi mimi.” Fundi muungwana hakasiriki. Nawe mpelekee mapema picha za vyumba au za halua, pamoja na bei zake, maana kazi nyingi hukwama hapo. Kisha kila wiki ifungue tovuti katika simu yako, umweleze lililopungua.

Narudia: jina liwe lako. Ada yake hulipwa tena kabla muda wa usajili haujaisha. Iandike tarehe ya kuisha kwenye kalenda ya ukutani.