Mashine Iliyosimama Haijazimwa: Maneno kwa Wakazi Wafanyao Kazi Maghalani



Msimu wa mazao ukifika, wengi wenu huenda maghalani kupakia na kufagia. Zamani gunia lilipanda kwa bega la mtu. Siku hizi, katika baadhi ya maghala, hupandishwa na mkanda wa umeme ujiendeshao.

Mkanda wa namna hiyo huweza kuwa na jicho la umeme. Gunia likikwama mbele ya jicho, mkanda husimama; likiondolewa, huanza kwenda tena pasipo kumngoja mtu. Kibarua aliyeingiza mkono kati ya mkanda na rola, akidhani mashine imezimwa, huiwasha mwenyewe kwa kulivuta gunia lile. Na kitufe chekundu cha dharura? Husimamisha mkanda, lakini mwenzako asiyekuona aweza kukirejesha kwa kidole kimoja. Kwa hiyo, kabla ya kunasua gunia au kufagia chini ya mkanda, umeme ukatwe kwenye swichi kuu, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao yule anayeingiza mkono. Si msimamizi, wala si mlinzi. Kinga za rola zikiwa zimeondolewa ili kazi iende mbio, kataeni kuanza. Akina mama wafagiaji, kanga inayoning'inia hunaswa kabla ya mkono.

Nasikia ikisemwa kwamba kibarua akiumia hana haki, kwa kuwa hana mkataba wa maandishi. Si kweli. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 humtambua pia mwenye mkataba wa mdomo, hata alipwaye kwa hesabu ya magunia. Mchango katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hutolewa na mwajiri peke yake. Haukatwi katika ujira wenu. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24.

Shilingi elfu chache za pole zinazotolewa langoni si fidia. Zipokeeni mkipenda, ila msitie saini karatasi msiyoisoma. Mwambieni mganga wa zahanati kwamba jeraha limepatikana kazini, naye aandike hivyo. Andikeni majina ya walioshuhudia siku ileile, na mjulisheni mwajiri mara moja. Madai yafikishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali.