Nguo za Wazee Wetu

Leo twazungumza juu ya nguo. Si ushonaji, bali historia ya mavazi ya Usukuma.

Ukienda Bujora, karibu na Mwanza, utakuta makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Humo mna banda lenye umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake zimewekwa ngoma na vifaa vya utawala. Ni kazi njema sana. Lakini vitu vya mtemi vilikuwa na walinzi tangu zamani. Kaniki ya mama aliyelima pamba haikuwa na mlinzi: ilivaliwa hata ikachakaa, ikawa mbeleko, ikawa tambara, ikaisha.

Hapo kale watu walivaa ngozi za mbuzi na ng'ombe, zilizolainishwa kwa siagi. Msidhani, lakini, kwamba kufuma hakukujulikana bara. Wafipa walifuma kwa mikono nguo nzito ya pamba iitwayo seketa. Kisha misafara ya pwani ikaleta majora. Nguo iliyosifiwa sana ilikuwa merikani: pamba imara isiyotiwa rangi, iliyofumwa Marekani na kuletwa Unguja kwa merikebu za Salem, mji wa Massachusetts. Hiyo ilikuwa nguo na tena ilikuwa fedha. Mpagazi alilipwa nguo, na hongo ya njiani ilitolewa kwa nguo. Kipimo kilikuwa mkono, yaani toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Bila shaka kila mnunuzi alipenda kupimiwa na mtu mrefu!

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, vilipunguza pamba, na nguo za Uingereza na India zikashika nafasi. Jina la merikani likabaki hata kwa nguo ambayo haikutoka Marekani. Kaniki nayo, iliyotiwa rangi ya nili mpaka karibu kuwa nyeusi, ilipendwa na wanawake wa shambani kwa kuwa haionyeshi uchafu upesi. Hata leo utaiona kwa waganga.

Sasa fungua sanduku la bibi yako, kwa ruhusa yake. Ukikuta kaniki au kanga ya zamani, usiifue kwa sabuni kali, wala usiianike juani, maana jua hula rangi. Ikung'ute taratibu, uikunje ndani ya kitambaa cheupe safi, uiweke mahali pakavu, mbali na mchwa na panya. Kila baada ya miezi michache ikunjue, uikunje upya mahali pengine, la sivyo itakatika kwenye mkunjo. Usiifunge katika mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu hubaki ndani.

Kisha chukua daftari. Nguo isiyo na habari zake ni tambara tu. Andika ilikuwa ya nani, ilinunuliwa wapi, ilivaliwa siku gani: arusini, msibani, au ngomani. Kama bibi hakumbuki mwaka, muulize ilinunuliwa kabla ya mauzo ya pamba au baada yake, na mtoto gani alikuwa mgongoni.