Namba Moja Machoni pa Nani?

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi juu ya kuonekana kwa chama katika intaneti



Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilitungwa katika soko ambalo muuzaji na mnunuzi walikutana uso kwa uso, na mnunuzi akaweza kuishika bidhaa, kuipima kwa mkono na kuinusa. Siku hizi mnunuzi wa kahawa aliyeko Hamburg huandika maneno machache katika kompyuta yake, na mara moja huletewa orodha ya wauzaji. Chama kisichokuwamo katika orodha hiyo, hata kahawa yake ikiwa njema namna gani, kwake yeye ni kama hakipo.

Chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilipoandikishwa mwaka 1933, nia mojawapo ilikuwa kumwezesha mkulima kulifikia soko bila kubanwa na watu wa katikati. Leo amezuka mtu wa katikati wa namna mpya, nayo ni orodha ya mtambo wa kutafutia. Ndiyo sababu vyama hufungua tovuti, na ndiyo sababu wamejitokeza mafundi wanaodai ujira ili tovuti hizo zipande juu katika orodha. Kazi hiyo ni halali na ina elimu yake. Lakini hulipwa kwa fedha ya wanachama, na fedha ya wanachama haina budi kutolewa hesabu.

Neno kuu la mazungumzo haya ni moja: hakuna orodha moja ya Google inayoonekana sawasawa kwa watu wote. Chama kinachopima kazi ya fundi kwa orodha iliyo katika simu ya katibu wake kinapima kwa mizani mbovu.

MFANO WA HALMASHAURI MOJA

Mfano ufuatao si wa chama chochote. Umetungwa ili jambo lieleweke.

Halmashauri ya chama imekutana. Fundi wa tovuti anadai sehemu ya pili ya ujira wake. Katibu anatoa simu, anaandika jina la kijiji na maneno "chama cha kahawa", na tovuti ya chama inatokea juu kabisa. Simu inapitishwa mkono kwa mkono, wajumbe wanapiga makofi, na malipo yanaidhinishwa. Jioni mjumbe mmoja, mama mwenye desturi ya kuhesabu magunia mara mbili, anampigia simu kijana wake aliyeko masomoni Ujerumani. Anamwomba aandike kwa Kiingereza maneno ambayo mnunuzi wa kahawa angeyaandika. Kijana anatazama ukurasa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kisha anajibu: "Mama, huku hamjulikani."

Katibu hakusema uongo, wala simu yake haikusema uongo. Alikuwa amekaa ndani ya ofisi ya chama, akaandika kwa Kiswahili, akataja jina la kijiji chake, na kwa miezi mingi alikuwa ameifungua tovuti hiyo kila asubuhi. Mtambo ulimletea kile alichokizoea na kilicho karibu naye. Mnunuzi wa Hamburg hana hata moja kati ya mambo hayo.

JINSI ORODHA ILIVYOGEUKA

Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin. Msingi wa werevu wao ulikuwa kuzipa uzito kurasa zinazoelekezwa na kurasa nyingine, hasa zile zenye heshima. Katika miaka ile, watu wawili walioandika swali moja walipata, kwa kadiri kubwa, jibu moja.

Mwaka 2005 kampuni hiyo ilianza kuwapangia orodha watu wenye akaunti kwa kufuata mambo waliyoyatafuta zamani. Tarehe 4 Desemba 2009 utaratibu huo ulienezwa hata kwa wasioingia katika akaunti, kwa kutumia kumbukumbu ya siku 180 iliyofungamanishwa na alama ndogo inayowekwa ndani ya kompyuta. Mwaka 2011 Mmarekani Eli Pariser alitoa kitabu kiitwacho The Filter Bubble, akionya kwamba mtu aweza kufungiwa ndani ya yale ayapendayo bila kujua anafichwa nini.

Mwaka 2018 Google ilieleza kwamba mazoea ya mtu binafsi huibadili orodha kwa kiasi kidogo tu, na kwamba tofauti nyingi hutokana na mahali alipo mtafutaji, lugha yake, chombo anachotumia na wakati anapotafuta. Maelezo hayo hayamwondolei katibu wajibu wake. Iwe sababu ni mazoea au ni mahali, anachokiona yeye sicho anachokiona mnunuzi. Tena tangu Mei 2024, kwanza huko Marekani, maswali mengi yalianza kupewa jibu lililotungwa na akili mnemba juu ya orodha yenyewe. Namba moja ya zamani imezidi kupungua maana.

WATAFUTAJI WATATU

Ikiwa orodha hufuata mtu, basi chama nacho hakina budi kujiuliza kinatafutwa na mtu gani. Kwa chama cha kahawa wapo angalau watatu.

Wa kwanza ni mnunuzi wa mbali. Huyo hajui jina la chama, hivyo hataliandika. Ataandika aina ya kahawa, nchi na namna ilivyoandaliwa. Anahitaji ukurasa wa Kiingereza ulioandikwa vizuri, unaotaja kama ni arabika, mwinuko wa mashamba, kama imeoshwa au imekaushwa na maganda yake, miezi ya mavuno, kiasi kinachoweza kuuzwa, na vyeti ambavyo chama kinavyo kwa kweli. Ukurasa unaosema tu "kahawa bora kuliko zote" haumsaidii mnunuzi wala mtambo.

Wa pili ni mgeni aliye karibu, kwa mfano mtalii aliyeko Moshi atafutaye mahali pa kuona shamba na kunywa kahawa. Kwa mtu wa namna hii Google hutazama mambo matatu: kufaa kwa mahali na swali lake, umbali, na sifa za mahali hapo. Chama kinaweza kujiandikisha bila malipo katika Google Business Profile, kikaweka mahali kilipo, saa za kazi, namba ya simu na picha. Google yenyewe husema wazi kwamba nafasi katika orodha hiyo ya mahali hainunuliwi. Matangazo ya kulipia yapo, lakini hayo hutiwa alama ya tangazo, na ni gharama nyingine kabisa.

Wa tatu ni mwanachama mwenyewe. Huyu hutafuta bei, tarehe ya mkutano mkuu na habari za malipo ya pili. Aandikiwe kwa Kiswahili, katika ukurasa mwepesi unaofunguka upesi katika simu ndogo. Tangu Aprili 2015 Google huzipendelea kurasa zinazosomeka vema katika simu pale mtu anapotafuta kwa simu.

NAMNA YA KUPIMA

Kwanza, chama kifungue Google Search Console, ambayo haina malipo. Humo huonekana tovuti imejitokeza mbele ya watafutaji mara ngapi, imefunguliwa mara ngapi, kwa maneno gani, kutoka nchi gani, na kwa wastani ilikuwa nafasi ya ngapi. Neno wastani lisisahauliwe. Mtu mmoja akikiona chama katika nafasi ya 1, wa pili katika nafasi ya 5, na wa tatu katika nafasi ya 12, wastani ni 6. Na hakuna hata mmoja aliyekiona katika nafasi ya 6. Kwa hiyo wastani utazamwe nchi kwa nchi na neno kwa neno.

Pili, maneno yenye jina la chama yatengwe na maneno ya bidhaa. Kupatikana kwa jina lako mwenyewe ni kuitika unapoitwa. Kazi ya fundi hujulikana pale asiyelijua jina anapokifikia chama.

Tatu, anayetaka kujaribu afungue dirisha la faragha katika simu yake ili mazoea ya zamani yasiingie. Lakini akumbuke kwamba dirisha hilo halifichi mahali alipo. Ndugu na marafiki walioko ng'ambo ni mashahidi bora zaidi.

Nne, na hili hupita yote, daftari la barua na simu zinazoingia liongezewe safu moja: "Alitupataje?" Kila mnunuzi aulizwe, na jibu liandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MAPATANO NA FUNDI

Fundi anayeahidi namba moja aogopwe. Google imeandika katika mwongozo wake kwamba hakuna mtu awezaye kuihakikisha nafasi hiyo. Mapatano yataje kazi inayoonekana: kurasa zitakazoandikwa, makosa yatakayorekebishwa, na taarifa ya kila mwezi inayolinganisha hali ya kabla na ya baada. Tovuti, jina lake la intaneti na akaunti zote ziandikishwe kwa jina la chama, na nywila zihifadhiwe ofisini kama zinavyohifadhiwa funguo za kasha la fedha. Chama ambacho fundi wake ameondoka na nywila kinakuwa mpangaji katika nyumba yake mwenyewe. Sifa za uongo zisinunuliwe kamwe. Ni kinyume cha kanuni za Google, na ni udanganyifu kwa mnunuzi.

Katika halmashauri ile ya mfano, lililokosekana ni swali moja tu kabla ya makofi: nani mwingine ameona hivi, na akiwa wapi? Kila halmashauri iliulize kabla ya kutia sahihi hati ya malipo, na jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Mjumbe anayehesabu magunia mara mbili asionekane msumbufu. Yeye ndiye anayelinda jasho la wenziwe.