Ukurasa Mmoja, Vioo Vingi: Kusanifu Tovuti kwa Msomaji wa Kanda ya Ziwa

Utangulizi

Januari, matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, watu wanaosubiri kivuko cha Kamanga jijini Mwanza huinamia simu. Mmoja ana Tecno, mwingine ana itel yenye ufa kiooni, wa tatu kaazima simu ya mjomba wake. Wote wanatafuta ukurasa uleule wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), kila mmoja kwa kivinjari chake, bando lake na jua lake la mchana.

Hoja ya mada hii ni moja: msanifu aanze na kioo cha huyo aliye kivukoni, ndipo apande kuelekea kompyuta ya ofisini. Wengi huanzia ofisini, kisha hubana.

Jedwali kwenye kiganja

Kurasa za matokeo za NECTA zimejengwa kwa HTML ya kawaida: jedwali na viungo, bila mbwembwe. Ni nyepesi, na hakuna kivinjari kinachoshindwa kuzisoma. Kazi ngumu kwa jedwali lolote la namna hiyo ni upana. Namba ya mtihani, jinsi, pointi, daraja, kisha orodha ndefu ya masomo na alama zake: hayo yote yanakaa vizuri kwenye kioo cha pikseli 1,366. Kwa msanifu, simu nyingi zina upana wa takriban pikseli 360 tu.

Ukurasa usipotoa maelekezo ya upana, kivinjari cha simu huuchora kana kwamba kioo kina pikseli 980, kisha huufinya hadi uenee. Herufi hubaki kama punje za ulezi. Msomaji huvuta kwa vidole viwili. Akiipata namba yake, daraja limeshatoka nje ya kioo. Akilifuata daraja, hajui tena yuko kwenye mstari wa nani.

Tiba ni fupi. Kwanza ni agizo la viewport, mstari mmoja tu, ambalo Apple ililileta na iPhone mwaka 2007. Pili ni sharti la CSS: kioo kikiwa chini ya pikseli 600, kila mstari wa jedwali ujipange kama kadi, namba juu, daraja chini yake kwa herufi nene, masomo yakifuatia. Usanifu huu wa kuitikia ukubwa wa kioo ulipewa jina na Mmarekani Ethan Marcotte mwaka 2010, katika makala ya jarida la A List Apart.

Kila kivinjari na tabia yake

Opera Mini inapobana kurasa kwa kiwango cha juu, ukurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, ukapunguzwa, ndipo ukaletwa kwenye simu. Bando linapona, ila menyu inayotegemea JavaScript inaweza kugoma kufunguka. Menyu iliyoandikwa kama viungo vya kawaida haina shida hiyo.

Simu kongwe nazo hazijui Grid, mpangilio ulioingia kwenye vivinjari vikubwa mwaka 2017. Hapa CSS ina huruma: kivinjari kikikutana na amri kisiyoielewa, huiruka na kuendelea. Basi mpangilio wa kawaida uandikwe kwanza, wa kisasa uje baada yake.

Jua na bando

Maandishi ya kijivu hafifu juu ya usuli mweupe yanapendeza ofisini, ufukweni hayasomeki. Miongozo ya W3C inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1.

Picha nazo zina gharama. Picha ya sangara yenye upana wa pikseli 4,000, ikipakuliwa nzima ili ionekane kwenye kioo cha 360, inakula bando la msomaji bure. Sifa ya srcset humruhusu msanifu kuweka matoleo matatu ya picha ileile, kivinjari kikachukua linalokitosha.

Zoezi la mchana

Kila kundi la washiriki litachukua simu tatu: ya bei ndogo, ya miaka mingi, na moja yenye Opera Mini. Litatoka nazo hadi mwaloni wa Kirumba saa saba mchana, likiwa na jedwali la majaribio lenye majina ya kubuni. Mshiriki mmoja atatajiwa namba; mwenzake atahesabu sekunde mpaka daraja lisomwe kwa sauti. Sekunde hizo zitaandikwa ubaoni kabla ya msimbo wowote kuguswa.