Dawa ya Deni ni Kulipa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nilipoombwa kusema machache juu ya biashara, nilitaka kukataa. Miongoni mwenu wamo wahasibu na mawakili. Mimi ni fundi seremala tu wa Keko, Dar es Salaam. Lakini Mwenyekiti aliniambia, "Waeleze uliyoyaona mwenyewe." Basi nitaeleza niliyoyaona, juu ya fundi mdogo na halmashauri ya mji.

Kwa miaka mingi sikuwahi kuomba zabuni ya halmashauri. Niliamini kwamba asiye na ndugu ndani hapati kitu. Siku moja mwenzangu, mwenye karakana ndogo kuliko yangu, alipata kazi ya kutengeneza meza za ofisi. Nikamwuliza ndugu yake huko ni nani. Akacheka, akasema, "Ndugu yangu ni tangazo. Nililisoma." Niliona haya. Mimi niliyefundishwa kusoma katika jengo lile pale nyuma yenu!

Baadaye nami nikaomba, nikapata: madawati 120. Niliyapeleka kwa wakati, kamati ya mapokezi ikayakagua na kutia sahihi. Kisha zikaanza safari za kufuata malipo. Leo jalada liko kwa mkaguzi wa ndani. Kesho liko kwa Mweka Hazina. Kesho kutwa aliyekuwa nalo yuko semina. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenye mbao alitaka fedha zake, mwenye nyumba alitaka kodi yake. Mwezi wa saba wa kungoja niliuza mashine yangu ya kupiga randa, na vijana wawili niliokuwa nikiwafundisha kazi nikawaambia watafute mahali pengine. Mwezi wa tisa nililipwa fedha zote, haikupungua hata shilingi. Fedha zilikuja, vijana hawakurudi.

Ofisi yenyewe siitaji, maana sikuja hapa kumshtaki mtu. Hakuna aliyeniibia wala aliyenichukia. Kila mmoja aliliweka jalada mezani kwake siku chache tu, na siku chache za watu wengi zikawa miezi tisa.

Ni haki kuyasema pia yaliyotengenezwa. Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo. Mwaka 2018 ikatoa mpango wa kupunguza leseni na tozo zinazorudiana. Marekebisho ya sheria ya ununuzi ya mwaka 2016 yalizitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana na wanawake. Tangu mwaka 2023 zabuni hutangazwa katika mfumo wa NeST, na mtu huweza kuzisoma kwa simu akiwa karakanani. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024.

Hayo yote ni mema. Lakini yafaa nini mkono mmoja ukimkopesha kijana mtaji, na mkono wa pili ukiyakalia malipo yake?

Kwa maoni yangu yamebaki mambo matatu. La kwanza, pale sheria inaporuhusu, kazi kubwa igawanywe katika mafungu. Karakana ya watu watano haiwezi madawati 2,000, lakini 100 inayaweza, na karakana 20 zitapata kazi. La pili, masharti yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, fundi asilazimike kumlipa mtu amsomee. La tatu, nalo ndilo kubwa, siku jalada linapoingia kila meza na siku linapotoka ziandikwe, na mwenye kudai aweze kuziona. Anayejua kwamba siku zake zinahesabiwa hawezi kulilalia jalada.

Nasi mafundi tusijitakase. Wako wanaopeleka dawati la mbao mbichi, ambalo kabla ya mwaka kwisha limepinda na kuachia misumari. Wako wasiotaka kutoa risiti. Mmoja akifanya hivyo, sisi sote tunaitwa wababaishaji, na ofisa anapata sababu ya kutuogopa.

Sasa nanena nanyi vijana. Wengine mtakuwa mafundi na wafanyabiashara: someni matangazo, tunzeni karatasi zenu, msitafute ndugu ndani. Wengine mtakaa upande wa pili wa meza. Siku moja utaletewa jalada, nawe utakuwa umechoka, na kesho una safari. Mkumbuke fundi huyu. Huenda ndani ya jalada hilo mna chakula cha nyumba nzima, na vijana wawili wanaojifunza kazi. Dawa ya deni ni kulipa. Tia sahihi yako, ulipeleke mbele siku ile ile.

Mashine ya randa nimekwisha kununua nyingine, na nafasi za vijana wawili zipo. Anayetaka kujifunza wakati wa likizo, karibu Keko.